Uzoefu wangu: risiti za LUKU za miaka mitatu ndani ya skripti moja ya Python

Nyumba yetu ya Tabata, Dar es Salaam, ina mita moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) na kaya tatu: mimi, mama na mdogo wangu, na wapangaji wawili upande wa uani. Umeme tunachangishana. Kila mwanzo wa mwezi maneno yalikuwa yaleyale: watu wamechanga 10,000, wanategemea uniti 28 kama wiki iliyopita, zinaingia 23.9. Anayeshika simu ya kununulia ndiye anayeangaliwa vibaya, na anayeshika simu ni mama. Mwanzoni mwa 2024 nilisikia mtu akimwambia "mama, hizi nyingine zimeenda wapi?" Siku ile niliumia sana.

Ushahidi wote ulikuwa kwenye simu yake. Mama hafuti meseji, kwa hiyo risiti za tangu 2021 zilikuwepo. Nikapakua SMS Backup & Restore, programu ya bure ya Android, nikachagua mazungumzo yanayoleta tokeni peke yake. Hapo msifanye haraka: ukihifadhi kila kitu, faili linabeba na meseji za benki na za watu binafsi, na lile faili mtu yeyote anaweza kulifungua akasoma. Linatoka katika muundo wa XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa alama ili kompyuta iyasome. Kila meseji ina mtumaji, tarehe na maandishi yake, na Python, lugha ya kuandikia programu, inalisoma bila kusakinisha chochote cha ziada.

Risiti yenyewe ndiyo iliyonifurahisha, maana imejaa kuliko tunavyodhani. Sisi hunakili namba 20 za tokeni tu na kuachana nayo. Chukua ya 10,000 ya katikati ya mwezi, mwaka 2023: gharama ya umeme 8,196.72, VAT asilimia 18 ni 1,475.41, tozo ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 ni 81.97, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 ni 245.90. Jumlisha, unapata 10,000 kamili. Gawanya ile 8,196.72 kwa bei ya 292 kwa uniti, unapata 28.07, na mita inapokea 28.1. Sasa chukua ununuzi wa kwanza wa mwezi. Kwanza inatoka kodi ya majengo, wakati huo 1,500 kwa mwezi, zinabaki 8,500 za kununulia umeme. Hizo ndizo uniti 23.9. Hakuna aliyekula kitu.

Skripti, yaani programu fupi niliyoandika, haifiki mistari 60. Inatafuta namba 20 zinazofuatana, inatafuta tarakimu zilizo kabla ya KWH (ndizo uniti), inachukua kiasi kilicholipwa, kisha inamwaga vyote kwenye jedwali la mwezi kwa mwezi. Kilichonichosha ni makosa madogo madogo. Muda katika lile faili umehesabiwa kwa milisekunde, na mimi niliusoma bila kuongeza saa tatu za Afrika Mashariki, basi umeme ulionunuliwa saa saba usiku wa kuamkia tarehe mosi ukaangukia mwezi uliopita, na kodi ikaonekana imekatwa mara mbili mwezi mmoja. Kosa jingine: tokeni ikichelewa mama huomba itumwe tena, na meseji mbili zikawa manunuzi mawili. Dawa yake ni kutumia namba ya tokeni kama kitambulisho, ikijirudia inarukwa.

Halafu ikaja Novemba 2024. Mita nyingi za mfumo huu wa tokeni duniani zilikuwa zinahesabu muda wa tokeni kuanzia 1993, na hesabu hiyo ilifika mwisho tarehe 24 ya mwezi ule. Kwa hiyo kabla ya tarehe hiyo wateja tulipokea makundi matatu ya namba 20: mawili ya kuboresha mita, la tatu ndilo umeme. Skripti yangu ikalishika la kwanza kama tokeni. Nikaiambia ichukue la mwisho.

Kuna jambo moja ambalo risiti haziwezi: zinaonyesha ulichonunua, hazionyeshi ulichotumia wala saa uliyotumia. Kwa hilo tukarudi kwenye daftari. Mdogo wangu anasoma salio la uniti kwenye kioo cha mita saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, mimi naingiza kwenye faili jingine, skripti inatoa tofauti na kuongeza kilichonunuliwa hapo kati. Ndani ya wiki mbili tukaona usiku peke yake unakula uniti 4.6 na watu wote wamelala. Tulizima friji moja moja usiku kwa usiku. Ikawa ni ya kwetu, mpira wa mlango umekakamaa, ukipitisha karatasi inateleza bila kushikwa. Fundi alibadilisha mpira, usiku ukashuka hadi 3.4.

Kwa mwenye nyumba ya kupangisha au mnaoishi kwa kuchangia mita, naipendekeza kwa moyo wote. Gharama yake kwangu ilikuwa jioni tatu za kazi na bando kidogo. Usitegemee ikupe matumizi ya kila chumba. Hilo linataka mita ndogo za ndani na fundi umeme anayejua kazi.

Jedwali la mwezi sasa tunalibandika pembeni ya mita. Yule mpangaji aliyeuliza zimeenda wapi ndiye aliyeomba liwe na safu ya kodi ya majengo, na mwezi uliofuata alikuja jikoni kumwambia mama samahani.