Tufe Jeusi na Pangaboi Dogo: Miezi Minane ya Kupima Joto na Upepo Nje

Kifaa hiki nilikinunua kwa sababu ya bibi mmoja aliyekataa kukaa kwenye benchi. Tulikuwa tumeweka mabenchi sita mapya kwenye uwanja ulio kati ya majengo mawili marefu, na kila nilipopita nilimkuta ameketi juu ya ukuta mfupi wa bustani, chini ya mti, mfuko wake miguuni. Siku moja nikamwamkia, nikamwuliza mbona mabenchi anayaacha. Akaninyooshea kidole. "Pale panachoma, mwanangu. Na pale kwenye kona upepo unanivua mtandio." Nikarudi mezani kwangu kutazama taarifa ya hali ya hewa ya mchana ule: nyuzi 31, upepo wa kawaida. Namba hizo zilikuwa moja tu kwa mji mzima. Bibi alikuwa ananieleza habari za hatua ishirini.

Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani. Juu kina pangaboi dogo la kupima kasi ya upepo, ndani kina vitambuzi vya joto la hewa na unyevu, na ubavuni kimechomoza kijitufe cheusi cha shaba chenye kipenyo cha milimita 25. Jina la kampuni naliacha, kwa kuwa vifaa vya jamii hii vimeundwa kwa namna inayofanana sana, na mengi nitakayoyasema utayakuta hata ukinunua cha mwingine.

Uhai wa kifaa uko kwenye hilo tufe. Mtu aliyesimama nje hapati joto la hewa peke yake. Anapokea pia mnururisho, yaani joto linalorushwa kama miali: wa jua lenyewe, wa anga, wa sakafu ya zege iliyoiva tangu asubuhi, wa ukuta wa kioo unaomrudishia jua mara ya pili. Tufe jeusi linayameza yote hayo, upepo nao unalipoza, na pale linapotulia ndipo unapopata namba ya kufanyia hesabu. Kwenye benchi la juani nilipata hewa nyuzi 31.0, tufe nyuzi 37, upepo mita 1.2 kwa sekunde. Ukiziingiza namba hizo kwenye kanuni ya ISO 7726, kiwango cha kimataifa cha vifaa vya kupima joto na upepo unaomzunguka mtu, wastani wa joto la mnururisho unatoka nyuzi 62. Nikahamia chini ya mti wa bibi: hewa 30.2, tufe 31.4, upepo mita 1 kwa sekunde. Mnururisho ukatoka kama nyuzi 37. Yaani hewa imepishana kwa chini ya nyuzi moja, na mnururisho umepishana kwa nyuzi 25. Niliirudia hesabu mara mbili kabla ya kuiamini. Kila kipimajoto cha kawaida tulichowahi kubeba kilikuwa kinatuambia kwamba sehemu hizo mbili ni sawa.

Kwa hilo pekee kifaa kimenilipa. Lakini kina tabia moja ambayo ingepasa kuandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi: kinakupa jibu kabla hakijawa nalo. Ukikitoa kwenye begi na kukiwasha, skrini inajaa namba papo hapo, zote zimenyooka na desimali zake, ilhali tufe bado lina joto la begi. Tufe la kawaida la maabara, lile la milimita 150, huchukua dakika 20 hadi 30 kutulia. Hili dogo linawahi zaidi, ila nalo linataka dakika zake. Siku hizi nalipa dakika kumi kamili kila kituo, na wingu likipita mbele ya jua naanza kuhesabu upya. Vipimo vya wiki yangu ya kwanza vyote nilivifuta. Hakuna alama yoyote kwenye skrini inayosema "subiri, bado napanda", na kwa kifaa kinachotumiwa kuamua watu waketi wapi, hilo ni kosa la muundo. Kitambuzi kinajua kwamba joto lake bado linabadilika. Kuonyesha mshale mdogo kusingemgharimu mtengenezaji kitu.

La pili lilinichukua muda mrefu zaidi kuligundua. Pangaboi limefungwa likitazama upande mmoja. Upepo ukija kutoka ubavuni, linazunguka polepole kuliko upepo wenyewe. Ungedhani hilo litaharibu kipimo cha upepo tu. Hapana, linaingia hadi kwenye joto, kwa sababu kanuni ya mnururisho inahitaji kasi ya upepo ili ijue tufe limepozwa kiasi gani. Chukua benchi lile lile la nyuzi 62. Tuseme upepo umegeuka, na pangaboi sasa linasoma mita 0.6 badala ya 1.2, mengine yote yakibaki vilevile. Jibu linashuka hadi nyuzi 54. Nyuzi nane zimepotea kwa sababu kifaa kilitazama pembeni, na hakuna mahali popote utakapoonyeshwa kwamba zimepotea.

Dawa yake ni kitako chenye mkia, kama jogoo wa juu ya paa, kinachokigeuza kifaa kiukabili upepo chenyewe. Kinauzwa kando. Nakushauri ukinunue siku hiyohiyo pamoja na stendi ya miguu mitatu, na usipime kabisa ukiwa umekishika. Mwili wako unakinga upepo na unatoa joto lake. Mimi naweka stendi kwenye urefu wa mita 1.1, ambao ndio usawa wa tumbo la mtu aliyesimama, kisha nasogea hatua kadhaa upande ambao kivuli changu hakiwezi kukifikia.

Kuna na rangi. Tufe jeusi linameza karibu mwanga wote wa jua unaolipiga, wakati mtu aliyevaa nguo za kawaida hukadiriwa kumeza kama asilimia 70. Kwa hiyo juani tufe jeusi linatia chumvi. Watafiti wengi wa sehemu za wazi hutumia tufe la kijivu, na la kwangu nimelitengeneza kwa mpira wa tenisi ya meza wa milimita 40, rangi ya kijivu isiyong'aa, na waya mwembamba wa kipimajoto uliopenyezwa hadi katikati. Naliweka kando ya kifaa kila ninapopima juani. Kivulini viwili hivi vinaelewana. Juani la kijivu linabaki chini, na ndilo ninaloliamini. Wenye uwezo mkubwa hawahangaiki na matufe: Ariane Middel wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona anasukuma kigari kinachoitwa MaRTy, chenye vitambuzi vinavyosoma mnururisho kutoka pande sita, juu, chini na pande nne za ubavuni. Nikiona data za kigari kile roho inanisuuzika. Lakini kigari hakiingii begini.

Namba ambayo kifaa kinaitangaza kwa fahari kuliko zote ni WBGT, kipimo cha hatari ya joto kwa mtu anayefanya kazi au mazoezi, na hapa mnunuzi awe makini. Kipimo hiki kilizaliwa miaka ya 1950 kuwalinda askari wa Marekani waliokuwa wakianguka kwa joto mazoezini. Kwa nje ni asilimia 70 ya kipimajoto chenye utambi uliolowa, asilimia 20 ya tufe na asilimia 10 ya hewa. Kinamfaa msimamizi wa vibarua au kocha anayetaka kujua lini awapumzishe watu. Hakikuundwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuketi nusu saa asome. Isitoshe, kifaa hiki hakina utambi wowote. Sehemu ile ya asilimia 70 kinaikokotoa kutokana na unyevu, tufe na upepo, kwa hiyo pangaboi likikosea, nayo inakosea. Kwa kazi yangu natumia UTCI, kipimo cha kimataifa cha jinsi mwili unavyoihisi hali ya hewa ya nje, ambayo inahesabu nyuzi 9 hadi 26 kuwa hali isiyomsumbua mtu, na kuanzia 32 kuwa mzigo mkali wa joto. Programu ya simu iliyokuja na kifaa haina UTCI. Inabidi nitoe data kwenye jedwali nikokotoe mwenyewe, nikikumbuka kwamba UTCI inataka upepo wa urefu wa mita 10 na mimi nimepima kwenye mita 1.1.

Sasa kona ya upepo. Jengo refu linaukamata upepo wa juu, unashuka na ukuta hadi chini, kisha unakimbilia pembeni kutafuta njia. Nilikiweka kifaa pale nikakiambia kirekodi kila baada ya sekunde mbili. Katikati ya uwanja wastani wa dakika kumi ulikuwa mita 2.4 kwa sekunde. Kwenye kona, mita 5.8, na vishindo, yaani upepo wa ghafla, vya hadi 11. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kishindo cha 11 kinakusukuma mara nne ya upepo wa 5.5. Si mtandio tu unaotoka, mtu mzima anayumba. Sehemu hii ya kifaa naisifu bila kusita: inashika vishindo vizuri, na grafu yake inasomeka hata na mtu ambaye hajawahi kuona kipimaupepo.

Ila usimruhusu mtu achukue mchana mmoja wa vipimo akautangaza kuwa tathmini ya upepo. Kanuni ya Uholanzi ya NEN 8100, ya mwaka 2006, inauliza ni saa ngapi katika mwaka mzima upepo unavuka mita 5 kwa sekunde, na mita 15 inaihesabu kuwa hatari. Swali la mwaka halijibiwi na kifaa cha begini. Linajibiwa na rekodi za miaka za kituo cha hali ya hewa pamoja na handaki la upepo la kujaribia mfano wa majengo, au hesabu za kompyuta, na kifaa kinabaki kuwa shahidi wa kuhakiki. Uzembe kwenye jambo hili unaua: mwaka 2011 mjini Leeds, Uingereza, upepo ulipindua lori kando ya jengo refu la Bridgewater Place, na mtembea kwa miguu akafariki.

Mengine kwa ufupi. Betri inadumu, sijawahi kukwama nayo kazini. Mvua ya rasharasha haijakidhuru. Pangaboi lina ukaidi kwenye upepo mdogo sana, chini ya nusu mita kwa sekunde halizunguki kabisa, na mahali kama hapo, jua kali na upepo umekufa, ndipo watu wanapoumia zaidi. Ukiona sifuri, usiisome kama sifuri. Tufe likishikwa na vidole linapata mafuta na vumbi, lifute kwa kitambaa kikavu. Kifuniko chake kinapotea kirahisi.

Mwenye subira anunue, na mkia wake, na mpira wa kijivu. Anayetaka kupita mbio akipiga picha za skrini atabeba namba za uongo, tena zenye desimali. Mabenchi mawili ya juani tumeshayahamishia upande wa mti, na la kwenye kona limeondolewa. Wiki iliyopita nilikuwa nimesimamisha stendi pale kivulini, dakika ya saba ya kusubiri, bibi akaja akaketi kwenye benchi, akaniuliza hiyo mashine inasema nini. Nikamwomba anisubiri dakika tatu.