Kulaboksi la lita 50 nililonunua Malindi: ukuta poa, kifuniko hewa tupu

Hilo sanduku la kuwekea barafu nimelichukua duka moja hapo Malindi mjini, lita 50, bluu iliyoiva, shilingi 6,500 baada ya kuvutana sana maana alianzia 8,000. Muuzaji akaniapia, "Ndugu yangu, humu barafu siku tatu haiyeyuki." Siku tatu sina haja nazo mimi. Samaki nachukua Kizingitini, kisiwani Pate huko Lamu, changu na tafi zaidi, boti mpaka Mokowe upande wa bara halafu basi mpaka Malindi, nataka saa 20 tu afike mashavu bado mekundu. Safari ya kwanza nikatia kilo 15 za samaki na kilo 10 za barafu, nafungua Malindi nakuta mchuzi. Tafi wanaelea.

Mpwa wangu alikuwa nyumbani likizo na laptopu yake, akasema mjomba usigombane na mtu kwanza, tulipime. Akachukua futi: ndani sentimita 50 kwa 32 kwa 31, ukuta unene sentimita 3, lile povu gumu la poliyurethani. Akaandika programu yake ya kuigiza joto linavyopenya, nje digrii 30 ndani sifuri, ikatoa kama wati 21. Yaani ni kama umewasha balbu ndogo humo ndani usiku na mchana. Kilo moja ya barafu kuyeyuka inataka kilojuli 334, kwa hivyo inaondoka gramu 220 hivi kila saa.

Kilichonishangaza ni samaki wenyewe. Ametoka baharini na digrii 28, kumshusha mpaka sifuri hao kilo 15 wanakula barafu kilo 4 na nusu kabla hata boti haijang'oa nanga! Miaka yote nadhani barafu yangu ni ya safari, kumbe karibu nusu yake ni ya kupoza mzigo. Inabaki kilo 5 na nusu, hesabu inasema saa 24. Sasa mbona mimi nilipata mchuzi?

Tukatia kilo 5 za barafu bila samaki, tukaliweka jikoni kivulini, likitoa maji pale kwenye kizibo cha chini tunakinga kwa jagi. Lita moja ya maji ni kilo moja ya barafu imekwenda, hata kipimajoto huhitaji. Programu ilisema kwa muda wa saa nne tutapata lita 0.9, tukapata lita moja na robo. Mpwa akaanza kuligonga kama mtu anayechagua tikiti maji. Ubavuni du du, nzito. Kifuniko ko ko ko, kama debe. Tukatoboa kitundu kwa msumari wa moto upande wa ndani, tukaingiza kijiti cha mshikaki, kikazama mpaka kikagonga plastiki ya juu. Hakuna povu hata chembe bana!

Akairudia hesabu na kifuniko kitupu: badala ya kupitisha wati 4 kinapitisha 12, jumla 29, ikalingana na jagi letu karibu sawasawa. Na hapo ni kivulini. Kwenye boti jua la saa saba, bluu ile inaunguza mkono, akaweka digrii 55 juu yake, kifuniko peke yake wati 22, kinakula kuliko boksi zima lilivyotakiwa kula.

Nilipopita tena Malindi nikamwambia muuzaji, akanijibu eti kifuniko hakina kazi, baridi hushuka chini. Kweli hushuka, lakini jua linatoka wapi, chini?

Kwa haki yake, ukuta ni mzuri, vishikio vimekaza na kizibo hakivuji. Raba ya mdomoni imeshaanza kuachia pembe moja. Na ile kelele tunayowapigia watu "funga funga!" mimi nimeiacha, kufungua mara moja ukafunga hakumalizi hata gramu 15 za barafu, shida ni kuliacha wazi huku mnabishana bei.

Kwa 6,500 silinunui tena, 4,500 labda, na ukienda dukani gonga kifuniko kwanza, usione haya. Kwa sasa nalaza kipande cha godoro la sponji sentimita 4 juu yake, na juu ya sponji gunia jeupe la unga, jagi likashuka mpaka kama lita moja kwa saa nne. Wazee wa majahazi hufunika gunia bichi na huo ni ujanja wa kweli, maji yakikauka yanaondoka na joto. Fundi wa madirisha ya aluminiamu kaniahidi kopo la lile povu la kujaza mapengo, tutalipulizia ndani kwa kile kitundu cha msumari.