Skuta ya cc 125 ninayoitengeneza mwenyewe: uzoefu wangu wa miaka miwili

Niliinunua ikiwa imetumika, mita ikisoma kilomita 14,000. Ni otomatiki, cc 125, injini ya kupozwa kwa hewa, bado ina kabureta. Leo imefika 23,000 na ushee. Njiani imenikwamisha mara moja tu, na mara hiyo makosa yalikuwa yangu, nitaeleza. Nyumbani ndiko ilikonisumbua, na karibu kila usumbufu niliumaliza kwa spana zangu.

Kazi ilianza mwezi wa kwanza. Asubuhi stata inazungusha vizuri, injini inakohoa kidogo, kimya. Ikishapata joto inakwenda, ila nikiachia mafuta kwenye taa za barabarani inazima. Fundi niliyempelekea aliisikiliza dakika mbili akasema nitafute kabureta mpya. Hakufungua kitu hata kimoja. Hilo liliniuma, nikaikokota kurudi nyumbani.

Nikatoa plagi. Ilikuwa kavu kabisa, na ukavu huo ulinionyesha pa kwenda. Ukizungusha injini kwa muda kisha plagi ikatoka imelowa, petroli inafika, hangaika na moto, yaani cheche ya plagi. Ikitoka kavu, achana na moto kwanza, ifuate petroli tangu tangini. Kwenye skuta kama hii bomba la tangi halifunguliwi kwa mkono. Linafunguliwa na mvuto wa injini kupitia mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi, njia inayoingiza hewa na petroli kwenye injini. Nilichomoa mpira ule nikaufyonza kwa bomba la sindano, na petroli ikatiririka kwenye chupa. Basi bomba ni zima, tatizo limejificha ndani ya kabureta.

Nilifungua bakuli la chini nikatoa ile jeti ndogo, inayolisha injini wakati hujavuta mafuta. Niliishika kwa ncha za vidole nikaielekeza dirishani. Tundu lake ni kama ncha ya sindano, na mwanga haukupita hata chembe. Petroli iliyolala muda mrefu ilikuwa imeacha utando wa kahawia, mgumu kama gundi iliyokauka. Niliiloweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, nikapitisha uzi mmoja wa shaba niliouchomoa ndani ya waya wa umeme, kisha nikaipuliza kwa pampu. Sikuthubutu kutumia sindano ya chuma, maana hiyo inapanua tundu, na jeti iliyopanuka huwezi kuirudisha ilivyokuwa. Nilipoielekeza tena dirishani niliona nukta ya mwanga, duara safi. Asubuhi iliyofuata skuta iliwaka kwa mguso mmoja.

Jambo moja nililigharamia: dawa ile niliipuliza kila mahali bila kutoa kwanza diaframu, ule mpira mwembamba ulio chini ya kifuniko cha juu cha kabureta. Ukavimba, ukakataa kukaa kwenye mfereji wake, ikabidi ninunue mwingine. Utoe kabla hujapuliza chochote.

Stata ikiwa kimya kabisa, usikimbilie kununua betri. Skuta nyingi haziwaki mpaka ubane breki, na swichi iliyo kwenye mkono wa breki huingia maji na vumbi. Yangu ilipona kwa kusafishwa tu. Baada ya hapo angalia fyuzi, kisha pima betri: volti 12.6 ikiwa imetulia ni nzuri, na injini ikiwaka inatakiwa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, betri mpya nayo itakufa.

Sehemu inayonifurahisha zaidi ni kasha la mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye tairi la nyuma, upande wa kushoto. Kwenye kilomita 18,000 hivi skuta ilianza kutetemeka inapoondoka, na kasi ikawa inapanda kwa kusitasita. Nilipofungua kifuniko, vumbi jeusi la mkanda lilikuwa limejaa mle. Vaa barakoa, na usilipulize kwa mdomo. Kutetemeka kulitoka kwenye klachi, viatu vyake vilikuwa vimeng'aa kama kioo. Nikavikwangua kwa msasa pamoja na ukuta wa ndani wa kengele yake, lile bakuli la chuma linalozifunika. Kusitasita kulitoka kwenye rola sita za puli ya mbele, vile vizito vya mviringo vinavyoisukuma puli ibane mkanda kasi inapopanda. Niliziviringisha mezani moja moja, na nne kati yake zikasimama zenyewe baada ya nusu mzunguko. Kila moja ilikuwa imelika upande mmoja ikawa bapa. Nikabadilisha zote sita, bila grisi, kwa sababu puli yangu ni ya kufanya kazi kavu na grisi inakamata vumbi.

Hapa ndipo nilipokosea. Wakati wa kurudisha, nilikaza nati ya puli ya mbele huku mkanda umebanwa katikati ya kuta mbili za puli. Spana ilikataa kuzunguka, nikaamini nati imefika. Baada ya kilomita 300 ikalegea, nikabaki kando ya barabara injini inanguruma na tairi halizunguki. Siku hizi naminya kwanza mkanda uzame ndani ya puli ya nyuma, upande wa mbele upate ulegevu, ndipo nakaza kwa spana ya kipimo.

Oili ya injini ni lita 0.8 tu, ndiyo maana sicheleweshi kuibadilisha. Natumia yenye alama ya JASO MB, daraja la Kijapani la oili ya pikipiki zisizo na klachi ndani ya oili, kwa sababu klachi ya skuta haiogelei kwenye oili kama ya pikipiki za gia. Watu wengi husahau oili ya gia za nyuma, mililita 100 hivi. Ya kwangu ilitoka kama maziwa yenye majivu.

Ninachokichukia kwenye skuta hii ni plastiki zake. Kuifikia plagi tu natoa paneli mbili, na vishikizo vyake vinakatika ukivifungua kwenye baridi. Injini yenyewe nyepesi kuielewa, na vipuri vinapatikana. Ningeinunua tena, ila safari hii kasha la mkanda ningelifungua siku ileile ninayoifikisha nyumbani.