Filamu tamu, wameikata vichwa na miguu

Nina hasira, na nitaandika hivyo hivyo. Juzijuzi nililipia huduma moja ya filamu za zamani mtandaoni baada ya kuona wanayo My Best Girl ya 1927, filamu bubu ya mwisho ya Mary Pickford. Watu wakisikia filamu bubu wanamtaja Chaplin, basi. Vichekesho vya mapenzi kama hiki hakuna anayevizungumzia, na ndivyo vinavyonimaliza mimi.

Pickford ni msichana wa stoo kwenye duka la vitu vya bei chee. Charles Rogers ni mtoto wa mwenye duka, anafanya kazi pale kwa jina la uongo. Wanakula chakula cha mchana wamejibanza ndani ya kasha la mbao la mizigo. Sauti hakuna, macho yanasema yote.

Sasa hawa jamaa wamefanya nini? Picha za enzi zile zilikaribia mraba. Wao wamezikata juu na chini ili zijaze skrini pana za leo. Robo nzima ya picha imekwenda! Kichwa kimeishia kwenye paji la uso, miguu haipo, na yale maandishi yanayobeba maongezi yameliwa mstari wa juu. Filamu haina sauti, ukinikatia na maandishi umeniachia nini?

Nikawaandikia kwa adabu. Huduma kwa wateja wakanijibu: "Dada, filamu ya karibu miaka mia hiyo, shukuru hata inaonekana." Nishukuru? Kwa hela yangu?

Nilishaamua kuwapa nyota moja. Ikafika sehemu ambayo Pickford anajipaka rangi ya mdomo ovyo ovyo, anajifanya mwanamke wa kutafuta pesa tu ili kijana amchukie aende zake, na huku machozi yanamtoka. Hata ilivyokatwa vile, nililia. Na hawa wawili walikuja kuoana kweli, 1937! Haya, nyota tatu. Nne hata. Lipieni mwezi mmoja muione.

Hapana, nafuta. Kila nikikumbuka lile jibu damu inachemka. Filamu nyota tano, wao moja. Itafuteni kwingine, na kabla hamjatoa hela angalieni dakika ya kwanza: mkiona mistari myeusi kushoto na kulia kwa picha, hiyo haijakatwa. Lipeni.