Kutunziwa boti Ugiriki mipaka ikiwa imefungwa: huduma ipi ilistahili pesa yake

Tangu tarehe 23 Machi 2020, Ugiriki ilipowafungia watu majumbani kwa sababu ya ugonjwa wa korona, hadi tarehe 14 Mei 2021 ilipofungua tena utalii, mwenye boti ya starehe anayeishi nje ya nchi hiyo alipata nafasi moja tu ya maana ya kuifikia boti yake: kiangazi cha 2020. Miezi mingine yote boti ilikuwa mikononi mwa watu wanaolipwa. Hapa tunapima kazi ya watu hao, yaani yadi za nchi kavu, marina (bandari za boti za starehe), na watunzaji binafsi, pamoja na vifaa vya kielektroniki vinavyotuma taarifa kwenye simu. Kipimo ni kimoja: kuna mtu aliyeingia ndani, akainua ubao wa sakafu, akatazama ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti ambako maji hukusanyika? Huduma isiyofika kwenye ngama ni ulinzi wa geti, na ilipwe kama ulinzi wa geti.

Tuanze na nchi kavu, kwa sababu hapo ndipo tungeiweka boti yoyote ambayo mwenyewe hana uhakika wa tarehe ya kurudi. Upande wa Preveza na Lefkada, magharibi mwa Ugiriki, kuna yadi kubwa zenye kreni za kanda, yaani zinazoinua boti kwa mikanda, na bei hupangwa kwa urefu wa boti na muda wa kukaa. Boti iliyotiwa magadi vizuri, yaani nguzo za kuishikilia isianguke, haizami kwa vali iliyooza, haioti mwani, haisuguani na gati, na zinki zake, vile vipande vinavyolinda chuma cha boti kisiliwe, haziliwi na umeme wa jirani. Faida nyingine ni ya kodi: tangu Mei 2019 Ugiriki inatoza kodi ya kutembeza boti kwa boti zenye urefu wa zaidi ya mita 7, na boti iliyopandishwa nchi kavu haidaiwi kwa kipindi hicho, mradi karatasi za yadi zionyeshe tarehe ya kupandishwa na ya kushushwa. Ziombe karatasi hizo siku ileile ya kazi. Kuzitafuta mwaka mmoja baadaye ni usumbufu mtupu.

Lakini yadi nyingi huuza nafasi, haziuzi utunzaji. Hili ndilo lililowaumiza watu. Kifurushi cha kawaida kina kupandisha, kuosha chini kwa maji ya presha, kutia magadi, na kushusha. Hakina mtu wa kukagua magadi baada ya dhoruba, wala wa kuingia ndani. Magadi ya chuma yanatakiwa yafungwe kwa mnyororo, la kulia na la kushoto, mnyororo ukipita chini ya mkuku (uti wa chini wa boti), ili yasiteleze nje boti inapotikiswa na upepo. Chini ya kila gadi kuwe na ubao mpana, maana mvua ya miezi mitano hulainisha udongo na mguu mmoja ukizama sentimita 2 uzito wote huhamia kwa jirani yake. Halafu kuna kosa linalorudiwa kila mwaka: turubai la kufunika boti hufungwa kwenye magadi. Upepo unalivuta turubai, turubai linavuta gadi, gadi linatoka. Turubai lifungwe kwa kamba inayopita chini ya boti kutoka upande mmoja hadi wa pili, au lining'inizwe madumu ya maji kama uzito.

Wengi huamini kwamba boti ya nchi kavu haiwezi kujaa maji. Inajaa, tena kwa urahisi kuliko ya baharini, kwa sababu pampu yake haina umeme na hakuna anayeitarajia kufanya kazi. Magharibi mwa Ugiriki hunyesha sana wakati wa baridi. Sehemu ya nyuma ya kukalia yenye mita 3 za mraba ikipata milimita 50 za mvua inapokea lita 150, na majani mawili matatu yakiziba tundu la kutolea maji, kilo 150 zinabaki juu ya deki na kuanza kutafuta njia ya kuingia ndani. Boti ambayo mlingoti wake umepenya deki na kusimama juu ya mkuku hupokea maji kupitia matundu ya henza (kamba za kupandishia tanga) hata kama deki ni safi. Dawa yake ni rahisi: toa kile kifaa cha kupimia mwendo kilicho chini ya boti, uache tundu wazi, maji yatoke yenyewe. Liandike kwa herufi kubwa, ubandike karatasi mlangoni na nyingine kwenye usukani, ili siku ya kushusha mtu asisahau kukirudisha.

Kwa hiyo, yadi tunazipa alama nzuri kwa usalama wa chombo, na alama ndogo kwa taarifa. Ukichukua nafasi ya yadi, ongeza mkataba wa ukaguzi wa ndani, hata kwa mtu mwingine, kama yadi inaruhusu wafanyakazi wa nje. Uliza hilo kabla ya kulipa; zipo zinazokataa.

Gatini ni habari nyingine, na hapa tunakuwa wakali. Boti iliyoachwa majini inategemea mnyororo wa vitu vinne: umeme wa gatini, chaja, betri, pampu ya ngama. Kimoja kikikatika, vinavyofuata vinabaki na siku za kuhesabu. Kinachokatika kwanza karibu kila mara ni umeme wa gatini. Unyevu ukiingia kwenye plagi, au boti ya jirani ikileta hitilafu, swichi ya usalama kwenye nguzo inajikata, na haijirudishi. Friji iliyoachwa ikiwaka huvuta kama ampea 4 na kufanya kazi karibu nusu ya muda, yaani takriban ampea-saa 48 kwa siku. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kushuka chini ya nusu, kwa hiyo siku moja tu imeimaliza akiba yake yote. Hata friji ikiwa imezimwa, kengele ya gesi na redio vikivuta ampea 0.1 bila kukoma vinakula ampea-saa 2.4 kwa siku, na baada ya wiki tatu akiba ni ileile iliyokwisha. Baada ya hapo pampu haina nguvu, na lile tone la maji kwenye shafti (fimbo inayozungusha rafadha), ambalo halikuwa tatizo kwa mtu yeyote, linaanza kuhesabika.

Marina ambazo tungezisifu ni zile ambazo mfanyakazi wake hupita kila siku kutazama taa za nguzo za umeme na kurudisha swichi iliyojikata, na ikijikata mara ya pili anampigia mwenye boti badala ya kuirudisha tena na tena. Mara moja kwa wiki anakaza kamba. Zile ambazo tungeziacha ni zinazotuma picha moja kwa mwezi iliyopigwa kutoka gatini: boti inaelea, jua linawaka, basi. Picha hiyo haisemi chochote juu ya volti. Dai namba. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.7, na ikifika 12.2 iko karibu na nusu. Chaja ikiwa inafanya kazi, usomaji uwe kati ya 13.2 na 13.8. Taarifa yenye namba ya volti ina thamani kuliko picha thelathini.

Kamba zinastahili maneno zaidi, kwa sababu dhoruba iitwayo Ianos ilipita juu ya visiwa vya Kefalonia, Ithaki na Zakynthos tarehe 17 na 18 Septemba 2020, ikazamisha boti na kutupa nyingine ufukweni. Boti iliyofungwa tezi (nyuma) gatini na omo (mbele) kwenye mnyororo wa chini ya bahari iwe na kamba za omo zilizokazwa kiasi kwamba tezi haiwezi kugusa saruji upepo ukitoka mbele. Kila kamba iwe na pacha wake aliyelegea kidogo, amefungwa mahali pengine, si juu ya pete ileile. Nailoni ndiyo inayofaa kwa kuwa inanyumbuka. Inapopita ukingoni ivishwe kipande cha bomba la zimamoto au ngozi, maana kamba haikatiki kwa nguvu ya upepo, hukatika kwa kusuguliwa usiku kucha mahali pamoja. Dafrao, yaani mito ya kuzuia boti isigonge gati, zifungwe mara mbili. Tanga la mbele linaloviringwa lishushwe kabisa. Ukiliacha limeviringwa, upepo mkali hulifungua kwa pembe, linaanza kupiga, na kabla ya asubuhi limechanika na pengine limeuvuta mlingoti.

Sasa watunzaji binafsi, wale wanaotembelea boti ishirini au thelathini kwenye ghuba moja. Kwa ubora wa kazi, hawa ndio tunaowaweka juu. Mtunzaji mzuri huja kila wiki mbili na hufuata mpangilio uleule: ngama, volti, vali zote kufungwa na kufunguliwa mara moja ili zisigande, kuinua kielea cha pampu kwa mkono kuhakikisha inaanza, kunusa kama kuna dizeli au gesi, kufungua makabati hewa ipite. Huandika saa ya kufika na ya kuondoka. Udhaifu wao ulionekana wakati wa marufuku: nchini Ugiriki kutoka nyumbani kulihitaji ujumbe kwa namba 13033 wenye sababu, au cheti cha kazi kilichotiwa saini, na asiye nacho alitozwa faini iliyoanzia euro 150. Mtunzaji mwenye biashara iliyosajiliwa alipita. Yule aliyekuwa akilipwa taslimu bila karatasi alibaki nyumbani, na boti zikabaki peke yake. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtunzaji si bei. Ni usajili wake, bima yake, na nani atashika funguo akiugua. La tatu lilikuwa zito kuliko yote katika ugonjwa ule.

Vifaa vya kuangalia boti kwa mbali vina kazi yao: kisoma volti, kihisi cha maji kwenye ngama, kihisi cha umeme wa gatini, na mahali boti ilipo. Tunavipendekeza, kwa sharti kwamba kuna mtu wa kwenda kengele ikilia. Kengele inayolia simuni wakati mwenyewe yuko nchi nyingine na mtunzaji hayupo ni mateso tu. Laini za kulipia kabla hufungwa zisipoongezwa salio kwa muda fulani, na kifaa kinanyamaza bila kusema kimenyamaza. Weka taarifa ya kila siku ya "niko salama". Siku isipofika, hiyo ndiyo kengele.

Kuna kazi ambazo hakuna huduma ya kawaida inayozifanya isipoagizwa kwa maandishi. Tangi la dizeli lijazwe karibu na ukingo na litiwe dawa ya kuua vijidudu, kwa kuwa hewa iliyobaki juu hutoa unyevu, na vijidudu huishi pale maji na dizeli vinapokutana, vikazalisha utelezi mweusi unaoziba chujio siku ya kwanza ya safari. Choo kinachotumia maji ya bahari kisafishwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Yale ya bahari yakibaki bombani viumbe wake hufa na kutoa harufu ya mayai viza inayokaa miezi. Impela ya mpira ya pampu ya kupozea injini itolewe, kwani ikikaa mwaka imekunjwa mahali pamoja mbawa zake hukatika, na funguo ya injini ifungiwe kipande cha kadi kinachosema impela haipo. Utando wa mashine ya kusafisha maji ya bahari uliotiwa kemikali ya kuhifadhia hulindwa kwa muda wenye kikomo, mara nyingi miezi 6 hadi mwaka kutegemea kemikali. Marufuku ilipita kikomo hicho, na utando mpya si wa bei ndogo.

Kuhusu karatasi, boti ya mwenye makazi nje ya Umoja wa Ulaya inaruhusiwa kukaa bila kulipiwa ushuru kwa miezi 18. Forodha ina uwezo wa kuongeza muda kwa sababu zisizo za kawaida, na ombi lipelekwe kabla muda haujaisha. Mtunzaji au wakala mwenye barua ya uwakilishi anaweza kulipeleka kwa niaba yako, na huduma hii pekee iliwaokoa wengi. Wamiliki wa Uingereza walipata jambo la pili: tangu tarehe 1 Januari 2021 wao wenyewe wana siku 90 tu za kukaa katika kila siku 180. Hesabu ya boti na hesabu ya mtu ni mbili tofauti, usizichanganye. Na soma bima yako. Nyingi zina masharti juu ya boti isiyo na mtu majini, na mabadiliko ya mpango, kwa mfano boti iliyotakiwa kupandishwa Oktoba ikabaki gatini, yaarifiwe kwa barua pepe siku hiyohiyo.

Tungechagua hivi: boti nchi kavu, mtunzaji aliyesajiliwa wa kuingia ndani kila wiki mbili, na kifaa kimoja cha mbali kama nyongeza. Ikiwa fedha zinatosha kimoja tu kati ya mtunzaji na kifaa, achana na kifaa.

Na siku ya kushusha, mwambie mwendesha kreni mapema kwamba boti itabaki kwenye kanda kwa dakika 15 ikiwa imeshaelea. Mtu aingie na tochi, atazame kila vali, shafti, na lile tundu la kifaa cha mwendo. Kanda zisilegezwe mpaka atoke aseme ngama ni kavu.