Rivyu: ukarabati wa daraja la Lions Gate, wamebadilisha sakafu nzima na magari ya asubuhi yakapita

Nyota nimetoa 4 kati ya 5, nianze na hilo kabisa. Najua kazi yenyewe ni ya 2000 mpaka 2001, ya kitambo, ila siku hizi kila daraja la zamani likitaka kuguswa unasikia ile kauli ya "haiwezekani kukarabati huku watu wanapita", na hii hapa iliwezekana, tena mchana kweupe, au niseme usiku wa manane maana kazi nzito ilikuwa inapigwa muda huo.

Lions Gate lipo Vancouver, Kanada. Ni daraja la kuning'inia, lilifunguliwa 1938, linaanzia Stanley Park linavuka mlango wa bandari mpaka ng'ambo ya kaskazini. Hela ya kulijenga ilitoka kwa familia ya Guinness, ndio, haohao wa bia, walikuwa na ardhi yao ng'ambo na ardhi isiyofikika haiuziki, basi wakajenga daraja wakaweka na tozo ya senti 25 kwa gari. Serikali ya jimbo ikalinunua 1955, tozo ikafutwa 1963. Leni ziko 3 tu na ile ya kati inageuzwa kwa taa kufuata foleni imeelemea wapi. Sasa pitisha hapo magari zaidi ya 60,000 kwa siku, na ukilikosa hilo gari yako inabidi izunguke mpaka daraja la Ironworkers Memorial kule mashariki. Kwa hiyo hata wazo la kulifunga mwaka mzima halikuwa na pa kuanzia, mji ungesimama.

Kilichokuwa kimechoka ni sakafu na vyuma vyake. Minara na nyaya kuu zilikuwa bado zina maisha, na ndizo watu wanazozijua kwenye picha, kwa hiyo ziliachwa zilivyo. Hapo nawapa pointi ya kwanza, kuna watu wakisikia neno ukarabati wanabomoa kwanza halafu ndo wanauliza kipi kilikuwa kizima.

Utaratibu sasa. Sakafu yote ya sehemu inayoning'inia ilibadilishwa kwa vipande 54. Daraja linafungwa usiku kwa muda wa masaa 10 hivi (na wikiendi kadhaa pia), wanakata kipande cha zamani na mazagazaga yake yote, kinashushwa taratibu mpaka chini, pale juu ya maji kinapokelewa na tishari, halafu kipya kinapandishwa kwenye pengo hilohilo, kinafungwa kwenye nyaya za wima, kinaunganishwa na jirani zake, na asubuhi mtu anayewahi kazini anapita juu yake na chai yake mkononi hana habari kwamba masaa machache nyuma hapo palikuwa na shimo na bahari chini. Vipande vingi vilikuwa na urefu wa mita 20. Yaani hiyo siyo kuziba viraka, ni daraja kubadilishwa mwili likiwa kazini, na kwa daraja la kuning'inia la ukubwa ule ilikuwa haijawahi kufanyika.

Wengi wanadhani ugumu ni kunyanyua. Hapana, kunyanyua ni winchi na subira. Ugumu ni kwamba sakafu inaning'inia kwenye zile nyaya kama nguo kwenye kamba, ukitoa moja nzito katikati kamba yote inabadilika mkao, na huku imebadilika bado unataka basi lipite saa 12 asubuhi. Kila hatua mainjinia walitakiwa wajue daraja litakaa vipi kabla hawajakata. Halafu kuna pale sakafu ya zamani inapokutana na mpya, mahali ambapo panahama kila kipande kinapoongezwa, na hizo mbili hazifanani, ya zamani vyuma vyake vikubwa vilikuwa pembeni mwa barabara, ya mpya viko chini. Kiungo cha hapo lazima kiwe cha muda na bado kibebe foleni nzima. Mi hiki ndo kitu ningeenda kukitazama kwa karibu, siyo krini.

Walichopata mwisho: sakafu ya bamba la chuma lenye mbavu kwa chini, leni pana kuliko zile za zamani zilizokuwa zinakubana, na njia za miguu zimetanuliwa. Leni zimebaki 3 lakini. Kazi yote ile na foleni ya jioni iko palepale, ila hilo siwakati alama, walikuja kukarabati daraja la kihistoria siyo kujenga lingine.

Nyota niliyoikata ni ya watu wa usiku. Tunasifia "trafiki haikusimama" kana kwamba nesi wa shifti ya usiku, mfanya usafi wa maofisini na dereva wa mizigo siyo trafiki, wao ndo walizungushwa mashariki ili wengine asubuhi wakute barabara.

Mkitaka kulinganisha, lipo Hammersmith la London, la 1887, kazi ya Joseph Bazalgette. Aprili 2019 magari yakazuiwa kwa sababu ya nyufa kwenye vitako vya chuma, vile vinavyoshikilia minyororo inayolibeba daraja, Agosti 2020 baada ya joto kali nyufa zikaongezeka wakafunga hata kwa watembea kwa miguu, na hao walirudishwa Julai 2021, magari hapana. Ila tusiwaonee, ufa wao ulikuwa pale minyororo inaposhikiliwa, huwezi kutoa hicho usiku ukarudisha asubuhi. Lawama yangu ni kuacha mpaka ufikie huko.

Kanada wenyewe walirudia somo kule Halifax, daraja la Macdonald la 1955, vipande 46, kati ya 2015 na 2017, usiku na wikiendi vilevile. Tofauti ni kwamba wenye miguu na baiskeli walipofungiwa njia zao waliwekewa usafiri wa bure wa kuwavusha. Hao ningewapa 5. Na kama kwenu kuna daraja linakuja kukarabatiwa, msiishie kuuliza litafungwa siku ngapi, muulizeni kontrakta ikifika alfajiri kipande hakijakaa anafanyaje, na anayetoka kazini saa 8 usiku anavuka na nini.