Taa ya juu ya jiko: ipi ununue Dar, na ipi uiache dukani

Nyumba nyingi za Dar es Salaam jikoni kuna taa moja tu, katikati ya dari, na jiko lenyewe limeegemezwa ukutani. Mpishi akisimama kupika anakuwa kati ya taa na sufuria, na kivuli chake kinaangukia chakula. Ukitoa balbu ya wati 9 ukaweka ya wati 18, chumba kitang'aa lakini kivuli hakiondoki. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, amua taa itakaa wapi: iwe mbele ya uso wako, usawa wa ukingo wa jiko au ukutani kabisa, isiwe nyuma ya kisogo. Nimepanga taa hizi kwa kuangalia hilo kwanza, kisha rangi ya mwanga, kisha urahisi wa kufuta mafuta.

1. Tyubu ya LED yenye kifuniko, sentimita 60

Hii namshauri kila mwenye nyumba yake, na mpangaji pia kama mwenye nyumba anaruhusu kutoboa ukuta. Mwanga unatoka kwenye urefu wote wa taa, kwa hiyo kivuli cha mkono na mwiko kinakuwa hafifu. Wati 9 hadi 12 zinatosha. LED ya wati 9 hutoa kama lumeni 800 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Ukiiwasha masaa matatu kila jioni, kwa mwezi haimalizi uniti moja ya LUKU. Ile ya zamani ingekula zaidi ya uniti tano.

Kwenye boksi tafuta maandishi IP65. Tarakimu 6 maana yake vumbi haliingii, na 5 maana yake inahimili maji yanayorushwa. Maji yenyewe jikoni si tatizo kubwa, tatizo ni mvuke wa mafuta. Nyumba inayokaanga samaki au chipsi kila siku, mvuke ule unaganda kwenye taa, unashika vumbi, na baada ya muda unakuwa utando wa njano unaonata hata kwa kidole. Kifuniko laini kisicho na matundu unakifuta kwa kitambaa chenye sabuni ya vyombo na kazi imekwisha. Taa ya wazi uchafu unaingia mpaka ndani, haufutiki.

Sasa rangi, na hapa ndipo wengi wanapunjika. Usiposema kitu, mara nyingi utapewa ya kelvini 6500, ule mweupe wa kuelekea bluu. Omba 4000, au 3000 kama unapenda mwanga wa njano. Pia soma alama ya CRI, yaani taa inavyoonyesha rangi halisi za vitu: isiwe chini ya 80, na ukipata 90 chukua. Fikiria kitunguu cha pilau. Rangi ya pilau inategemea sana kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia iliyokolea, na kutoka hapo hadi kuungua ni muda mfupi mno. Taa isiyoonyesha wekundu vizuri inafanya kitunguu cha dhahabu na kilichokolea vifanane. Muuzaji Kariakoo huwa anakuwashia taa kabla hujalipa, basi weka kiganja chako karibu nayo. Kikionekana kijivu kama cha mgonjwa, iache. Kama umetoka sokoni na nyanya, nyanya inapima vizuri zaidi.

Ufungaji mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na taa yenye bodi ya chuma lazima iunganishwe waya wa athi.

2. Taa ya duara ya ukutani yenye kioo

Ni zile zinazofungwa kwenye korido na kuta za nje, na jikoni zinafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Inawafaa hasa wanaopikia uani au barazani. Uzuri wake ni kwamba balbu ikiungua unabadilisha balbu peke yake. Kabla ya kwenda dukani angalia holda yako ni ya pini au ya kuskrubu. Balbu isizidi wati 9, kwa sababu ndani ya kioo kilichofungwa joto halina pa kutokea, na joto ndilo linaloua LED mapema.

3. Balbu ya kuchaji

Haishindi mbili za juu kwa mwanga. Lakini umeme ukikatika mafuta yakiwa yamechemka kwenye karai, utashukuru unayo. Inachaji yenyewe ikiwa imewashwa na umeme upo, kisha inaendelea kuwaka umeme ukikatika. Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa ukuta anunue ile ya fimbo yenye sumaku, aibandike ubavuni mwa kabati la chuma, mbali na moto.

4. Hudi yenye taa

Nunua hudi, yaani kifaa cha kuvuta hewa juu ya jiko, kwa ajili ya moshi na harufu. Usiinunue kwa ajili ya taa. Nyingi zina vitaa viwili vidogo vinavyomulika nusu ya jiko. Kwa jiko la gesi watengenezaji wengi wanataka sentimita 65 hadi 75 kati ya hudi na moto, kwa hiyo pima kwanza.

5. Taa za spoti kwenye dari ya jipsamu

Ni vile vitaa vidogo vinavyozamishwa darini, na zinapendeza. Tatizo mafundi huzipanga kwa kufuata urembo wa dari, na unarudi kwenye kivuli kilekile. Kama dari bado haijafungwa, simama pale utakapopikia, umwonyeshe fundi mahali pa kutoboa.

6. LED ya utepe

Juu ya jiko, hapana. Gundi yake inalegea kwa joto, na siku moja utaikuta imening'inia juu ya moto. Mahali pake ni chini ya makabati ya pembeni, unapokatia mboga, nayo ipachikwe kwenye reli ya alumini yenye kifuniko. Adapta yake ya volti 12 ikae ndani ya kabati, mahali ambapo mvuke hauifikii.